Baba Mkwe Alisema Mguu

Wakati ule, kiwandani kwetu Panda, pembeni mwa mji wa Likasi, vyuma vilikuwa vimeanza kutembea. Leo unaacha bamba la kukanyagia juu ya mkanda wa kubebea mawe, kesho hulikuti. Wiki inayofuata unaliona sokoni, limekatwa na kukunjwa kuwa mbabula, jiko la makaa, na mama fulani anapigania bei. Mshahara ulikuja ukitaka, na mara nyingi haukutaka, kwa hiyo kila mtu alijilipa alipoweza. Sitasema ni wengine tu. Mbabula aliyopikia mke wangu ilitoka kiwandani, na mimi ndiye niliyeibeba chini ya koti la mvua. Hivyo siku nilipokanyaga mahali palipokuwa na bamba jana, na leo hapana kitu, sikuwa na haki ya kumtukana mwizi kwa sauti kubwa.

Sikuanguka mbali, kama kimo cha mtu tu. Lakini niliangukia pembe ya chuma iliyokatwa vibaya. Iliingia nyuma, kwenye tako la kulia, ikapanda hadi karibu na nyonga, na suruali ikachanika kutoka kiunoni hadi gotini. Nililala kifudifudi kwenye tope la madini, nikisikia damu yangu ilivyo ya moto. Mtu wa kwanza kufika alikuwa kapita, msimamizi wa kikosi chetu. Kapita huyo alikuwa baba mzazi wa mke wangu.

Asiyekulia kwetu atauliza tatizo liko wapi. Tatizo ni buko. Buko ni ukwe, na ni zaidi ya ukwe: ni ukuta ambao mwanamume anaujenga siku anayooa na hapaswi kuubomoa. Hali chakula mbele ya baba mkwe. Hamkatizi maneno. Na haonyeshi mwili wake mbele yake, kiunoni kushuka hadi magotini, hata kama nyumba inaungua. Baba mkwe naye hazitazami sehemu hizo, wala hazitaji. Kazini tulikuwa tumepata njia yetu ya kuishi na jambo hilo. Aliniagiza kupitia kwa mwenzangu hata nilipokuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake. "Muambie huyu akaze ile bulo," alisema, nami niliikaza bolti hiyo kabla mwenzangu hajafungua mdomo. Watu wa kikosi walituita redio mbili zenye betri moja.

Siku ile hapakuwa na mtu wa katikati. Alinikuta, akageuka, akanipa mgongo.

"Unaumia?" aliuliza, akiongea na ukuta.

"Kidogo tu, ba papa."

"Fasi gani?"

Nililitafuta neno la mahali penyewe linaloweza kupita kati yetu. Lilikuwa moja tu.

"Ku muguu."

"Muguu inavunjika?"

"Hapana, ba papa. Naweza kutembea."

Kanuni ya kiwanda ilisema kapita ampeleke majeruhi zahanati, asimame pale muuguzi akimvua nguo, aone jeraha, kisha atie sahihi. Nilikifikiria kile chumba kidogo chenye kitanda kimoja, mimi nimelala kwa tumbo na mzee amesimama kwenye kona. Nikajifunga koti kiunoni na kwenda nyumbani kwa miguu, nikishika kuta. Niliona nimefanya jambo la heshima. Kwa kweli nilikuwa nimeitupa dawa, nimeutupa ushahidi, na karibu niutupe na mguu wenyewe.

Mke wangu aliniosha kwa maji ya chumvi, lakini kidonda kilikataa. Kilioza, homa ikapanda, nikapelekwa hospitali ya mjini nikiwa nimelazwa juu ya mkokoteni wa muuza makaa. Nilikaa huko hadi mvua zikabadilika. Nilipotoka, na fimbo, nilikwenda kiwandani kujionyesha, nikaambiwa kwamba sipo. Jina langu lilikuwa limefutwa. Nilihesabiwa kuwa mtoro, mtu aliyeacha kazi bila kuaga.

Ningeweza kulimeza hilo, maana kazi yenyewe ilikuwa imebaki jina. Lakini nyumba ilikuwa ya kampuni. Mtu wa ofisi ya nyumba alipita mtaani kwetu akisema mlango kwa mlango kwamba ambaye si mfanyakazi tena atafute pa kwenda. Mke wangu alikuwa uani, anang'oa magugu kwenye tuta lake la lengalenga, mchicha wetu. Hakusimama. Alisema tu, "Papa ya batoto, shiye tutaenda wapi?" Watoto wetu wote walizaliwa ndani ya vyumba vile. Kijiji alikotoka baba yangu sikukijua hata njia yake.

Kulikuwa na njia moja ya kurudishwa kwenye orodha: kuthibitisha kwamba niliumia kazini. Watu waliiita aksida ya kazi. Ukikubaliwa, hufutwi, na hutolewi nyumbani. Basi nikaenda kufungua dosie, jalada la madai yangu.

Karani wa mambo hayo nilimfahamu, mzee mmoja mwenye asili ya Kasai, mpole, mwenye mwandiko wa kike. Nikakuta mlango wake umepigiwa ubao. Ilikuwa miaka ile ya kuwaambia watu wa Kasai warudi mkoani kwao. Baba yake aliletwa na kampuni kuchimba shaba. Yeye mwenyewe alizaliwa Panda kama mimi. Nilimkuta stesheni, katikati ya familia zilizokuwa zikingoja treni, amekaa juu ya sanduku chini ya kipande cha plastiki, na mkewe anapepea moto usiotaka kuwaka.

Nilimweleza shida yangu. Alinitazama, akacheka hadi akakohoa.

"Hata huku unanifuata? Buro yangu banaifunga na misumari, weye unaifungua mu stasio!"

Lakini alinieleza, kwa utaratibu, kama vile meza yake bado ipo mbele yake. Daktari aandike. Kapita aje mwenyewe aseme. Mimi niwepo.

"Midomo mbili, neno moja," alisema. "Doktere akisema hivi na kapita akisema vile, banatupa dosie, haiangaliwi tena. Kapita wako ni nani?"

"Mukwe wangu."

Alipiga mluzi. "Na uliumia fasi gani?"

Nilimwonyesha kwa kidole. Mkewe aligeuza uso, mabega yakitikisika kwa kicheko. Karani alifuta macho. "Eh, ndugu. Sasa uko na kazi ya kweli."

Nilimshukuru nikaondoka. Sikumuuliza kama amekula. Sikumuuliza treni inatarajiwa lini, wala ile plastiki inazuia mvua namna gani. Nilikuwa mtu mwenye shida yake, na mtu wa namna hiyo huona stesheni nzima kama dirisha la kuulizia. Sikuwapo walipoondoka.

Mke wangu aliposikia habari ya midomo miwili, alitoa shauri mara moja. Baba yake alikuwa na shangazi, nkambo, yaani bibi, mzee sana, na kwetu nkambo anaruhusiwa kutania kila mtu na kutaja kila kitu. Nkambo aende kwa baba yake, amwambie jeraha lilipo na neno la kusema, na hakuna atakayeaibika. "Ni kazi ya asubuhi moja," alisema mke wangu. "Unamupelekea kachumvi, basi."

Nikakataa. Nilikuwa nimesoma sekondari kwa mapadri na bado nilijivunia. "Tunaenda ku buro," nilimjibu, "hatuendi kuoa mara ya pili. Kule tutasema Kifaransa, na Kifaransa haina buko." Nilikuwa na hakika. Kwa Kifaransa ningeweza kulitaja tako langu mbele ya askofu. Nilisahau kwamba Kifaransa cha baba mkwe kilikuwa cha kiwandani tu: shuka, panda, angalia, zima.

Kisha ikaja miezi ya kutembea. Kutoka Panda hadi mjini na nyonga mbovu si safari ya kuimbia. Maua ya jakaranda yalikuwa yameanguka barabarani, na mvua iliyageuza kuwa sabuni chini ya fimbo yangu. Nilifika, nikaambiwa karatasi hakuna, nilete yangu. Nilileta karatasi, nikaambiwa mwenye muhuri amekwenda shambani kupalilia mihogo. Aliporudi mwenye muhuri, madaktari walikuwa wamegoma. Walipoacha kugoma, karatasi yangu ilikuwa imeliwa na panya upande mmoja, nikaambiwa niandike upya. "Upite kesho, vié," waliniambia, wakinivika jina la mzee kabla sijalistahili. Kesho yao haikuwa na asubuhi. Nililala na hasira, nikaamka nayo, nikala nayo siku ambazo kulikuwa na kitu cha kula. Mke wangu akaacha kuniuliza. Watoto walijifunza kunyamaza waliposikia fimbo langoni.

Hatimaye tuliitwa, mimi na baba mkwe, siku moja. Daktari alikuwa ameandika kwa Kifaransa: jeraha kwenye tako na nyonga. Mzee alikuja na kofia yake ngumu ya kazi, ameipangusa, na shati la Jumapili. Alikaa kwenye benchi upande wa pili, nasi hatukutazamana, ilivyo desturi. Karani mpya alikuwa kijana mwenye suti kubwa kuliko mabega yake. Mlango ulikuwa wazi, na watu waliongoja zamu zao walikuwa wamejazana kizingitini.

"Papa kapita, huyu alianguka fasi gani?"

"Ku mukanda. Bamba iliibwa."

"Na aliumia fasi gani?"

Mzee aliishika kofia kwa mikono miwili. "Ku muguu."

Karani aliandika kwa Kifaransa, akitamka alichoandika: *pied*. Yaani wayo, kule chini kabisa kwenye kiatu. Kiswahili chetu kina mguu mmoja mrefu, kutoka nyonga hadi kidole; Kifaransa kimeukata vipande, na kijana akachukua kipande cha mwisho. Halafu akasoma karatasi ya daktari, na uso wake ukafunguka kama mtu aliyeokota hela.

"Doktere anaandika matako. Papa kapita anasema muguu. Vié, weye muguu yako inaanzia wapi?"

Kizingiti kizima kilicheka. Mtu mmoja akasema, "Ya huyu inaanzia ku shingo!"

"Andika vizuri," nilisema kwa Kifaransa changu cha mapadri. "Mzee anaposema mguu anamaanisha…"

"Si kwako ninauliza. Papa kapita, ni muguu ao ni matako?"

"Mutoto wangu," baba mkwe alisema polepole, "huyu ni mukwe. Atoke mbele kidogo. Akitoka, minye nitasema."

"Hapa haiko ku kijiji. Sheria inataka wote wawili mbele ya meza."

"Minye nilisikia muguu. Sikuangalia."

"Uko kapita, muntu wako anaanguka, na weye hauangalii? Kapita ya namna gani?"

Mzee yule alikuwa ameongoza vikosi tangu nikiwa mtoto, na kila aliyeingia naye kiwandani alikuwa ametoka naye. Alikitazama kifungo cha shati lake. Alikuwa anasema kweli tupu: hakuona, alisikia, na alichosikia kilitoka mdomoni mwangu. Mimi ndiye niliyempa lile neno, naye alilitunza miezi yote ile bila kuliongeza wala kulipunguza. Lakini hayo nayajua sasa. Pale niliona jambo moja tu: mtu mmoja amekaa hatua tatu kutoka kwangu, na silabi chache mdomoni mwake ndizo nyumba yangu, naye hataki kuzitoa.

Karani alianza kufunga dosie.

Nikasimama. Nikamgeukia baba mkwe, nikamtazama usoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu siku ya mahari. "Ba papa, semeni!" nilipiga kelele. "Matako! Ni neno tu, haiumi! Sababu ya hii neno batoto ya binti yenu watalala mu njia!"

Aliinamia kofia yake. Basi nikafungua mkanda wa suruali, nikaishusha, nikamgeuzia karani mgongo ili aone kovu. Kumgeukia karani mgongo kulikuwa kumgeukia baba mkwe uso. Sikulipima hilo. Au nililipima na sikujali. Kwa umri wangu huu siwezi tena kujitetea kwamba sikujua.

Watu wa kizingitini waliacha kucheka. Mama mmoja alisema "Yesu," kwa sauti ndogo. Baba mkwe alikuwa amegeukia ukuta, kofia imemfunika uso, na alibaki hivyo hadi niliposikia mwenyewe mlio wa mkanda wangu ukifungwa. Kijana karani hakunitazama tena. Aliifuta *pied*, akaandika haraka neno la daktari, akasogeza karatasi, akasema taratibu, "Papa, weka sahihi hapa." Mzee alitia sahihi akiwa ametazama pembeni, kalamu ikatoka nje ya mstari. Muhuri ukapigwa. Mzee akatoka, na watu wakampisha kama wanavyompisha mfiwa.

Nilirudi Panda nikijiambia nimeshinda.

Habari ilinitangulia hadi bombani, mahali pa kuchotea maji. Mke wangu alirudi na ndoo, akaitua, akabaki ameinama.

"Ulivua mbele ya papa?"

"Nyumba imebaki," nilimwambia.

"Nilikuuliza kingine."

Alinieleza faini, ingawa niliijua: mbuzi na kitambaa, vya kumwosha mzee macho. Bila hivyo baba yake hawezi kuingia kwetu, na yeye mwenyewe hawezi kumtazama mama yake. Nikamjibu vibaya. Mbuzi tutampata wapi wakati sisi wenyewe tunahesabu majani ya lengalenga? Na mzee ndiye aliyesema mguu! Nilisema ukaidi wake ndio uliotaka kututupa barabarani. Nikauendeleza wimbo huo msimu mzima wa mvua na mwingine baada yake, na mke wangu akawa anakwenda kwao peke yake, anarudi peke yake, na hanihadithii kitu.

Dosie ilipelekwa makao makuu, Lubumbashi. Jibu halikuja, na hadi leo halijaja. Nilimngoja mtu wa ofisi ya nyumba na nakala yangu yenye muhuri, nimeiweka tayari kama bunduki nyuma ya mlango. Hakutokea. Siku moja nikakutana na jirani aliyefutwa kazi wakati uleule, ambaye hakufungua dosie, hakutafuta shahidi, hakutembea na fimbo hata hatua moja. Alikuwa amekaa barazani kwake, anakula muhogo.

"Na weye hawakukutoa?" nilimuuliza.

"Nani atanitoa?" alisema. "Ule muntu ya nyumba mwenyewe iko nachimba madini ku Shinkolobwe. Kampuni iko tena na muntu wa kutoa bantu? Ikae kwanza yenyewe."

Nilirudi ndani na sikutoka siku ile. Nilikuwa nimembomolea mzee uso wake kwa ajili ya mlango ambao hakuna mtu aliyekuwa anakuja kuugonga.

Mbuzi sikumpata. Nilipata kuku na kitambaa cha mtumba kizuri, na nikaenda kwa nkambo, kichwa chini, kumwomba avipeleke. Aliniweka nimesimama uani kwake kwa muda mrefu.

"Karibu, bwana," alisema, meno yake mawili yakionekana. "Lakini unaniweka mbali sana na habari. Likasi yote banaona matako yako, kasoro minye tu. Niko muzee, nitakufa bila kuona?"

Wajukuu zake walianguka chini kwa kicheko. Sikuweza kucheka. Aliniangalia, kisha akamchukua yule kuku kwa mabawa, akampima uzito. "Ungekuja na huyu kabla ya kwenda ku buro," alisema, "ningekula yeye na wewe ungekaa na suruali." Akaenda.

Baba mkwe alikubali. Alikuja Jumapili moja baada ya misa, na mke wangu akatoa kiti nje, kwani kuingia ndani hakuingia. Akakigeuza kiti kielekee barabarani, akakaa na kunipa mgongo. Nikachuchumaa nyuma yake kwa kadiri nyonga ilivyoniruhusu. Mke wangu alisimama kati yetu, tayari kuyabeba maneno kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, lakini mzee aliongea nami moja kwa moja, akiwa anaitazama barabara.

"Hii nyumba, banakuachia?"

"Banatuachia, ba papa."

"Sababu ya ile karatasi?"

Mke wangu alinitazama. Alijua habari ya jirani. Mtaa wote uliijua. Nadhani hata mzee aliijua.

"Ndiyo, ba papa," nilisema. "Sababu ya ile sahihi yenu."

Alitikisa kichwa polepole, mara moja. Kisha akamwomba binti yake maji, akanywa akiwa amegeukia pembeni, na kikombe akamrudishia yeye.